Kigingi Chekundu cha Kyangunga

Enzi zetu wivu ulikuwa na miguu. Ukitaka kumwonea mwenzako wivu, ilibidi uvae akala zako, uvuke korongo, ufike kwao, usimame uani ukikodolea macho hicho kitu alicho nacho, kisha urudi nacho kichwani njia nzima mpaka nyumbani. Watoto wa siku hizi wanaona wivu wakiwa wamelala chali kitandani, kidole kimoja tu ndicho kinafanya kazi. Wanamwonea wivu mtu wa Dubai ambaye hata hajui kama wako duniani. Sisi wa Kyangunga tulioneana wivu jirani kwa jirani, na tuliufanya kwa bidii. Mimi niliufanya kwa bidii kuliko wote, na ndiyo sababu mama yangu amezeekea kwenye nyumba ya udongo. Nimeficha jambo hili tangu darasa la nne, lakini sasa nitalisema.

Kyangunga ni soko dogo mashariki ya Kitui. Unapita vilima, unavuka mto wa mchanga ambao huwa na maji majuma machache tu kwa mwaka, kisha unaona mabati yakimetameta mbele yako, umefika. Wakati huo kulikuwa na maduka matatu, mashine ya kusaga, kanisa, na hoteli ya Bi Zuhura. Babu yake Bi Zuhura alikuja kutoka pwani akiuza nguo, akaoa huku, akasahau kurudi. Bi Zuhura ndiye mtu pekee sokoni ambaye Kiswahili chake kilinyooka. Sisi wengine tulikisema kwa sauti ya Kikamba, na yeye akitusikia alikuwa anafumba macho kama mtu anayeumwa na jino. Lakini mahamri yake, jamani. Nilikuwa nikipita pale na jirikeni yangu ya maji napunguza mwendo makusudi ili nivute ile harufu ya iliki mara mbili.

Mnakumbuka jirikeni za shule? Jumanne na Alhamisi kila mtoto alibeba maji lita tano, nusu ya maua ya mwalimu mkuu, nusu ya jiko. Tuliyachota mtoni. Unachimba mchanga mpaka mkono wote unazama, unasubiri maji yajikusanye polepole, unayateka kwa kikombe, na punda wa watu wamekusimamia mgongoni wakipumua. Ukimwaga njiani, ole wako. Ukiongea Kikamba shuleni unavishwa kile kibao shingoni, unakaa nacho mpaka umnase mwenzako naye ameteleza. Jioni tulicheza kati, mmoja katikati akikwepa mpira wa soksi kuukuu, tukienda nyumbani miguu ni myekundu mpaka magotini. Chakula kilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharage, na ule uliolala ndio uliokuwa mtamu. Juzi nimempikia binti yangu, akauchokora kwa kijiko, akaniuliza kama hakuna chipsi. Nikaula mwenyewe.

Rafiki yangu aliitwa Mutanu. Shamba lao na letu yalitenganishwa na mstari wa mkonge, ukikohoa kwetu wanakuitikia pole kwao. Tulienda mtoni pamoja, tukasukana nywele pamoja, tukala ukwaju mmoja tukiupitisha mdomo kwa mdomo. Na nilimwonea wivu tangu nipate akili. Mutanu alikuwa na viatu vya kamba. Mutanu alikuwa na sweta ambayo haikuwa ya dada yake kwanza. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa. Baba yangu alikuwa fundi wa akala sokoni, na sisi tulikuwa na mbuzi.

Kuhusu hizo akala lazima niseme kidogo. Watoto wote walivaa akala za tairi la gari, lakini Baba alikuwa amepata mahali kipande cha tairi la trekta. Akanikatia pea moja, akaipigilia misumari, akaniambia, "Hizi hutazimaliza mpaka uolewe." Zilikuwa nzito, na soli ilikuwa na mabonde kama matuta ya viazi. Nikipita mchangani naacha alama kubwa ambazo wenzangu walizicheka wakisema trekta imepita. Hakuna mtu mwingine Kyangunga nzima aliyekuwa nazo.

Sasa, makaa. Susu, mama ya baba yangu, alikuwa akitusimulia kwamba zamani watu walichimba kisima upande wa chini wakatoa jiwe jeusi. Wakaliweka kwenye moto kama figa, nalo likashika moto lenyewe, likanuka vibaya, wakakimbia. Sisi tulicheka. Kisha siku moja wakaja watu wa kofia ngumu na magari yenye matope, wakapita shamba kwa shamba wakichungulia kwenye darubini za miguu mitatu. Wakasema chini ya ardhi yetu kuna makaa ya mawe. Mama akauliza makaa ya kazi gani na sisi tunachoma miti yetu wenyewe. Wakamwambia haya ni ya kuwasha stima nchi nzima. Asi! Kuanzia siku hiyo Kyangunga haikulala vizuri. Kila mtu alitembea akiangalia chini.

Wale watu walikuwa na vigingi vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu. Mahali walipotaka mashine ije ichimbe, walipigilia kigingi. Havikuwa vingi. Bonde zima vilikuwa vichache sana, na kimoja walikipigilia shambani kwa kina Mutanu, hatua arobaini kutoka kwa mkonge wetu. Najua ni arobaini kwa sababu nilizihesabu.

Laiti mngemwona Mutanu juma hilo. Alikuja shuleni amenyoosha shingo. Wakati wa mapumziko aliwapeleka watoto kukiona kigingi, na kukishika ilikuwa ukwaju mmoja. Mimi, rafiki yake wa chanda na pete, nilidaiwa ukwaju kama wengine. Akatuambia baba yake atanunua gari, watahamia Nairobi, na shamba watatuachia sisi tufugie mbuzi. Alisema hivyo bila ubaya, alikuwa mtoto tu, alifikiri ananipa zawadi. Nilirudi nyumbani nikakataa chakula. Mama akanishika paji la uso akasema labda ni malaria. Haikuwa malaria. Nilikuwa nawaka kwa wivu, na hata sasa nikikumbuka lile neno "mbuzi" bado nawaka kidogo.

Jumapili nikasema tumbo linaniuma. Wote wakaenda kanisani. Nikavaa akala zangu, nikavuka mkonge, nikakishika kile kigingi kwa mikono miwili nikakitikisa mpaka kikalegea, nikaking'oa. Nikaziba tundu kwa udongo, nikalikanyaga. Kisha nikarudi kwetu na kigingi kwapani, nikahesabu hatua arobaini kutoka kwa mkonge kuja upande wetu, maana nilifikiri kipimo lazima kilingane, nikakipigilia kwa jiwe katikati ya shamba la Baba. Shamba lilikuwa limetoka kulimwa, udongo laini kama unga. Nikaingia ndani nikajifunika blanketi mpaka kichwani.

Nilipotulia ndipo nikakumbuka nyayo. Kutoka kwa kina Mutanu mpaka kwetu nilikuwa nimeacha mstari wa trekta. Lakini watu walikuwa wameanza kurudi kutoka kanisani, na mimi nilikuwa mgonjwa, singeweza kutoka. Nilingoja mpaka jioni, nikaenda kama mtu anayetafuta mbuzi. Hakukuwa na unyayo hata mmoja. Udongo ulikuwa safi, umelainika. Nikasema Mungu ni mwema, upepo umenifanyia kazi. Nikala muthokoi sahani mbili.

Mashine ilikuja baada ya majuma mawili, ndefu kuliko paa la kanisa, na watu ambao hawakuwa wale wa kwanza. Waliambiwa wachimbe penye kigingi, wakaona kigingi, wakachimba. Kijana mmoja wa kofia ngumu aliangalia karatasi yake, akaangalia mkonge, akakuna kichwa. Mama akamletea chai ya maziwa. Akanywa, akakunja karatasi. Baba Mutanu akaja mpaka kwenye mkonge, kofia mkononi, akasema kwa upole wake, "Kijana yangu, hicho kigingi kilikuwa kwangu." Yule kijana akamjibu, "Mzee, kigingi kiko pale kiko." Baba yangu alikuwa amesimama kando akichonga kijiti. Akaendelea kuchonga.

Mashine ikanguruma siku nyingi. Ilitoa mawe marefu ya duara kama mihogo, wakayapanga kwenye masanduku ya mbao. Mawe meupe, mawe ya kijivu, na siku moja meusi tititi. Yalikuwa kwetu! Kyangunga nzima ilikuja kuangalia. Mwalimu mkuu alikuja, chifu alikuja. Watu waliokuwa wakimwita Baba "fundi" wakaanza kumwita "mzee". Shuleni nikawekwa kiti cha mbele. Mutanu naye wakaanza kumzomea. "Mwongo! Uliiba ukwaju wetu!" Alijitetea mpaka sauti ikakauka kwamba kigingi kilikuwa kwao, watoto walikishika kwa mikono yao, lakini mnajua watoto, hata wale waliokishika walisema hawakumbuki vizuri. Akaniangalia mimi nimsaidie. Nikasema, "Mimi sikuona." Na usoni mwake nikaona kitu nilichokuwa nakitafuta, naye sasa alikuwa ananionea wivu mimi. Nilifurahi, sitadanganya.

Walipomaliza waliacha bomba dogo limezibwa na sementi, na juu yake wakaandika nambari kwa msumari sementi ikiwa bado mbichi. Wakampa Baba karatasi yenye muhuri. Bwana mmoja akamweleza mbele ya chifu: wenye mabomba ndio watakaolipwa fidia kwanza, kwa hiyo wasijenge kitu cha kudumu wala wasipande kitu cha kudumu mpaka watakapohamishwa. Walioko nje ya vigingi hawakuambiwa lolote. Baba akaikunja ile karatasi mara nne, akaiweka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akauning'iniza juu ya kitanda.

Mji nao ukachachamaa. Kabla hata kilo moja ya makaa haijatoka, Kyangunga ilikuwa imeshakuwa mji wa mgodi. Palifunguliwa Hoteli ya Makaa, Bucha ya Mgodi, na kinyozi aliyejiita Jiwe Jeusi. Watu walikuja kutoka Kanyangi na Tawa kununua ploti. Mtu mmoja alijenga lojing'i ya vyumba kumi na viwili, na rangi nyeusi ukutani. Bi Zuhura aliongeza meza, akaanza kupika pilau kila siku, na kila mteja aliyeingia alisalimiwa kama mhandisi. Vijana waliacha kulima wakingoja kuandikwa kazi. Ilikuwa raha, nani atakataa? Tulitembea sokoni tukajiona wa maana, na watu wa soko jirani walituonea wivu mpaka wakaanza kusema na kwao pia wanasikia harufu ya makaa.

Kisha magari yenye matope yakaenda na hayakurudi. Tuliambiwa mwaka ujao. Mwaka ujao ukaja, tukaambiwa kuna mkutano. Mkutano ukafanyika, tukaambiwa tungoje. Ile lojing'i ya vyumba kumi na viwili ikawa ghala la ndengu, kisha ikawa nyumba ya kuku. Hoteli ya Makaa ikafungwa, jina likabaki ukutani nusu. Bi Zuhura akarudi kwenye meza zake mbili na mahamri. Leo ukifika Kyangunga utawakuta vijana wa bodaboda kwenye steji inayoitwa Makaa, ukiwauliza kwa nini inaitwa hivyo wanakuambia labda hapa zamani waliuza makaa. Napanda, naenda nyumbani.

Nyumbani Baba alikuwa anangoja. Lile neno "kudumu" lilimwingia damuni. Choo kilipobomoka akajenga kingine cha magunia, kwa sababu cha mawe ni cha kudumu. Zizi la mbuzi lilikuwa la vijiti. Mama alipanda mpapai nyuma ya jiko, ukafika kiunoni, Baba akaung'oa na mizizi yake. Siku hiyo Mama alikaa jikoni mpaka jioni. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, na kila mvua ilipopita tulikanda tope tukaziba. Nilisoma, nikaondoka, nikaolewa, nikafungua kibanda cha ushonaji Kibwezi, nikapata watoto, na kila nilipokwenda nyumbani nilimkuta Baba amekaa kwenye kiti chake kando ya ile sementi, redio yake ameiweka juu ya nambari, anasikiliza habari. "Mwaka huu watakuja," anasema.

Kina Mutanu hawakuwa na chochote cha kungoja. Baba yake alilia kidogo kwa ajili ya kile kigingi, kisha akachukua jembe. Alichimba makinga-maji shamba zima, akapanda miche ya michungwa, akaimwagilia kwa maji yaliyobebwa na punda. Alipofariki Mutanu akabaki na shamba. Leo ukisimama kwenye mkonge wetu, ambao bado uko, upande wetu unaona mbuzi, vichaka na sementi. Upande wao unaona kijani mpaka macho yanachoka. Lori linakuja kuchukua machungwa kwenda Nairobi. Ana nyumba ya mawe yenye mabati mekundu, ana tangi la maji refu kama lile paa la kanisa. Nikienda nyumbani huwa sipiti kwenye lango lake. Nazunguka nyuma. Mutanu akiniona ananiita, "Nduku! Mbona unapita kama mwizi?" Ananijazia mfuko wa machungwa, ananikumbatia. Nayala njiani, matamu mpaka yananiudhi. Baba hajawahi kuyaonja. Ukimpa anasukuma sahani, anasema machungwa humchoma tumbo.

Mwaka huu mvua ya Aprili iliangusha ukuta wa upande wa kitanda cha Mama. Ilikuwa mchana, Mama alikuwa jikoni, vinginevyo ningekuwa naandika mambo mengine. Mimi na ndugu zangu tukaja tukiwa tayari. Tumeongea na fundi, tumepata mawe, kilichobaki ni Baba kusema ndiyo. Mama kifua chake kilikuwa kimeanza kulia kama mlango kwa sababu ya unyevu. Baba akatusikiliza, akainuka, akautungua ule mkebe, akaitoa karatasi. Mikunjo ilikuwa imekatika, ikatoka vipande vinne. "Hakuna jiwe litakalowekwa hapa," akasema. "Nikijenga cha kudumu nitakuwa nimevunja sharti. Nimengoja miaka yote hii, nivunje leo?"

Ndugu zangu wakatoka nje kwa hasira. Mama akaendelea kupepeta ndengu zake. Mimi nikamfuata Baba kwenye kiti chake, nikakaa chini karibu na ile sementi.

"Baba, kile kigingi hakikuwa chetu."

Akazima redio.

"Ni mimi niliking'oa kwa kina Mutanu. Ile Jumapili niliyosema tumbo linaniuma. Hakuna kitu cha kungoja, Baba. Hata wakija, haikuwa yetu. Mjengee Mama nyumba."

Akaishusha chini kutoka kwenye sementi. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe huniita Mama, hata akinigombeza.

"Mama," akasema, "zile akala za trekta nani alizikata?"

"Wewe, Baba."

"Sasa upite nazo kwenye shamba nililolima kwa mkono wangu, mimi nisijue ni nani?"

Nikamwangalia. Yeye alikuwa anaangalia mkonge.

"Siku hiyo kanisani walimwita Baba Mutanu mbele," akasema. "Wakamwombea kwa sababu ya kile kigingi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikasikia wivu mpaka nikashindwa kukaa, nikatoka kabla ya baraka. Nikafika hapa nikaona nyayo zimetoka kwao zimekuja kwetu. Nikakata tawi la mbaazi nikazifagia, kutoka shambani kwao mpaka hapo ulipokaa."

"Kwa nini hukunichapa?"

"Nikuchape kwa nini? Ulikuwa umefanya kile nilichokuwa nakifikiria njia nzima."

Aiya. Miaka yote nilikuwa nikiusifu upepo. Nikataka kulia, nikataka kucheka, nikashindwa vyote. Akaendelea kuongea polepole, akigusa ile nambari kwa kidole. "Ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima, na yule mzee alikuja pale akiwa ameshika kofia mkononi. Sasa nikijenga, nitakuwa nimesema fidia haikuja. Na kama haikuja, basi nilimwibia nini? Ndiyo maana nangoja. Lazima ije, Mama. Isipokuja nitakuwa nilimwibia bure."

Niliinuka nikavuka mkonge, hatua arobaini na zaidi, nikapitia langoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mutanu alikuwa anapanga machungwa kwenye kreti, leso kiunoni. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, nyayo, kigingi, tawi la mbaazi. Akaniangalia mpaka chungwa likamtoka mkononi. Kisha akacheka. Alicheka akashikilia kreti, akajifuta machozi na leso. "Nduku wewe! Kwa hiyo wewe ndiye uliyenipandia haya yote? Hicho kigingi kingebaki hapa, leo ningekuwa nimekaa kando ya sementi." Akaacha kucheka ghafla. "Lakini waliniita mwongo mpaka darasa la nane. Na nilikuangalia wewe."

"Najua."

"Hilo sijalicheka."

"Najua, Mutanu. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alichukua mfuko, akaujaza kama kawaida yake, akautia mikononi mwangu. Akaniambia, "Mpelekee mzee. Mwambie ni ya Baba yangu, yeye ndiye aliyeipanda." Nami, na hili ndilo linanitia aibu, hata wakati ule nikiwa na machozi shavuni nilikuwa naangalia lile tangi lake la maji nikijiuliza linaingia lita ngapi.

Wenzangu tuliokua pamoja, mnajua tumebaki na nini cha enzi hizo. Mto unachimbwa mchanga na malori, watoto wanapelekewa maji ya chupa shuleni, mpira wa kati unanunuliwa dukani na hakuna anayeucheza. Binti yangu akitaka kitu cha mwenzake anakitazama kwenye simu, anakasirika dakika tano, anasahau. Mimi namwonea wivu hata kwa hilo. Angalau wivu wake haung'oi kitu cha mtu. Wetu ulikuwa na miguu na mikono na akala za trekta, na hatukujua kusahau.

Baba alikubali, na nyumba ya Mama imefika kwenye linta sasa, juu ya milango na madirisha, ya mawe, upande wa juu wa shamba. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni jioni ile nilipomwekea Baba chungwa moja mkononi na kumwambia limetoka wapi na ni la nani. Aliligeuzageuza. Nilingoja aseme litamchoma tumbo. Akatoa kisu chake cha kukatia akala, akalimenya, akatia kipande kimoja mdomoni, akatafuna polepole akiwa amefumba macho. Akatia kingine. Maji yakamtiririka kidevuni yakadondokea kwenye sementi, juu ya nambari, na hakuyapangusa. Akalimaliza lote. Kisha akageuka akatazama kule ng'ambo ya mkonge, kijani chote kile, kwa muda mrefu.

"Miaka yote hii," akasema, "wenzetu walikuwa wanakula hii?"